Meza ya Wafunga Sabuni

Jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya Kafedha kiwandani, mama yake alimwambia neno ambalo hakulitazamia. Walikuwa uani, kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga kule Chaani. Nyamvula alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na Kafedha akipiga pasi ovaroli ya buluu aliyopewa chuoni.

"Kesho ukiniona kule ndani," Nyamvula akasema bila kuinua uso, "usiniite mama."

Kafedha alidhani ni mzaha. Akacheka, kisha akaona mkono wa mama yake umesimama na kifuu cha nazi hakizunguki tena.

"Nikuite nani, basi?"

"Usiniite chochote. Nisalimie kama unavyomsalimia mtu mzima yeyote, upite. Wenzangu pale mezani wana uchungu na nyinyi watu wa chuo. Wakijua wewe ni wangu, watasema mimi ndiye niliyewaletea."

Uchungu huo Kafedha aliujua, maana aliusikia nyumbani kwa muda mrefu. Nyamvula alikuwa kibarua katika kile kiwanda cha sabuni, upande wa Kipevu, tangu binti yake angali shule ya msingi. Kila alfajiri alisimama getini na wenzake mpaka askari aite watu wa siku hiyo. Kazi yake ilikuwa kwenye meza ya kufungia. Sabuni za mche zilikatwa zikiwa bado vuguvugu, zikaletwa na mkanda, na wanawake waliosimama pande zote mbili za meza wakazivika karatasi za plastiki moja moja na kuzipanga ndani ya katoni.

Ndipo kiwanda kikapatana na chuo cha ufundi. Kiwanda kililalamika kwamba vijana wanaokuja na vyeti hawajawahi kugusa mashine inayokwenda. Chuo nacho kililalamika kwamba vijana wake wakimaliza hakuna anayewafungulia geti. Wakakubaliana kushirikiana: mwanzo wa juma vijana wakae darasani na karakanani, siku zilizobaki waende kiwandani kama wanagenzi, na watakaofuzu waajiriwe kazi ya kudumu. Kiwanda kikatoa na mashine moja kuukuu ya kufungia, ikapelekwa chuoni iwe ya kujifunzia.

Kafedha alikuwa amemaliza kidato cha nne na kubaki kuuza maji ya chupa kwa madereva wa malori wanaosubiri zamu ya kuingia bandarini. Aliposikia kuna mpango wa namna hiyo alilia kwa furaha. Lakini wanawake wa mezani walisikia jambo moja tu. Mashine kuukuu imepelekwa chuoni, basi mpya inakuja, na ikija, itakaa pale pale iliposimama meza.

"Sawa," Kafedha akasema. Akaikunja ovaroli. Nyamvula akaendelea kukuna nazi.

*

Msimamizi wa wanagenzi pale kiwandani aliitwa Hamdun, mzee wa Kisauni mwenye ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri, aliyeingia kazini akiwa kijana na kuzunguka idara zote, kuanzia kwenye matangi ya kuchemshia hadi bohari. Aliwakusanya mlangoni, akawatazama miguu kabla ya nyuso.

"Sakafu hii yateleza," akawaambia. "Sabuni haimjui mwenye cheti wala asokuwa nacho. Mwenye haraka na aende zake bandarini. Hapa twaenda pole pole, na mashine ikikushinda wabonyeza kitufe chekundu, waniita. Mumenielewa?"

"Tumekuelewa, mzee," wakajibu.

Akawapitisha idara moja baada ya nyingine, na kwa kuwa kila mwanagenzi alitakiwa aanze kwa mikono kabla ya mashine, wakapelekwa kwenye meza ya kufungia. Nyamvula alikuwa upande wa dirishani, leso kichwani, mikono ikienda bila kutazamwa. Hakuinua macho.

Miongoni mwa wanagenzi alikuwako Ronny, kijana aliyetoka bara na kufikia kwa shangazi yake Mikindani. Alikuwa mcheshi, na maneno ya Nairobi yalikuwa hayajamtoka kinywani. Akaenda moja kwa moja hadi dirishani.

"Shikamoo, mama," akasema. "Mathe, utanionyesha hii kitu? Mkono yangu iko slow."

"Marahaba, mwanangu," Nyamvula akajibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Njoo usimame hapa."

Kafedha alisimama nyuma ya Ronny. Hakuwa amelifikiria hilo. Pwani nzima kila mwanamke mzima ni mama wa kila mtu, na neno lile, alilokatazwa yeye, wenzake wangelitumia kutwa nzima bila kujali. Yeye peke yake ndiye asingeweza kulitamka. Kama angelitamka, sauti ingemsaliti.

"Shikamoo," akasema tu.

"Marahaba," Nyamvula akajibu, kwa sauti ile ile aliyomjibu nayo Ronny.

Kwa muda wa majuma kadhaa mambo yakaenda hivyo. Asubuhi waliondoka nyumbani mbalimbali, Nyamvula mapema zaidi. Mezani mama alimfunza binti yake kama mgeni: karatasi huanzwa kukunjwa upande wa muhuri, ncha husukumwa kwa kidole gumba. Jioni walikutana tena uani Chaani, wakala sima na mchicha wa nazi, wakazungumza habari za majirani. Habari za kiwandani waliziacha getini.

Wanawake wa mezani hawakuwa na neno jema kwa wanagenzi, ila Ronny, ambaye hakuna aliyeweza kumnunia. Mkali kuliko wote alikuwa Josephine, mwanamke mrefu wa Magongo aliyekuwa mwimbaji kanisani, sauti yake ikifika mwisho wa mkanda.

"Tunawafundisha ili mtufukuze," alimwambia Kafedha siku moja mbele ya wote. "Wewe msichana, huna mama nyumbani? Angekuwa yeye amesimama hapa, ungekuja na hiyo ovaroli yako?"

Kafedha aliangalia sabuni iliyokuwa mkononi mwake. Kutoka dirishani, Nyamvula akasema, "Josephine, muache mtoto. Naye ametumwa na njaa kama sisi."

"Njaa yake ina cheti," Josephine akajibu, wakacheka, na kazi ikaendelea.

*

Chuoni mambo yalikuwa mengine. Kule alikuwako Mwalimu Salme, mwanamke wa makamo, binti wa ukoo wa wafanyabiashara wa Mombasa. Jamaa zake walitaka akae dukani auze vitambaa. Yeye akasomea mitambo. Alivaa buibui mpaka mlango wa karakana, akalitundika kwenye msumari wake, akaingia na koti la kazi na mtandio uliokazwa.

Mashine kuukuu ya kufungia ilikuwa na vituko vyake. Ilikata karatasi vipande visivyolingana, ilikwama, na kibati chake cha moto cha kuunganishia karatasi kikizidi joto karatasi ilijikunja kama jani lililoungua. Wengi waliichukia. Kafedha aliipenda. Alipenda kwamba kila kosa lilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na mahali pake, na ukipatafuta kwa utulivu utapapata. Katika maisha yake hakuwa amekutana na vitu vingi vya namna hiyo.

"Usiitazame karatasi," Salme alimwambia. "Karatasi ni mwisho wa habari. Rudi nyuma. Nini kilitokea kabla?"

Kafedha akarudi nyuma, akakuta roda moja, kigurudumu cha kuvutia karatasi, imelegea. Akaikaza. Mashine ikaenda.

"Ahsante," Salme akasema, kana kwamba ni yeye aliyesaidiwa.

Mashine mpya ilipowasili kiwandani na mafundi wakaiunganisha, ilikuwa wazi nani angeisimamia zamu ya mchana. Hamdun alimwita Kafedha pembeni, karibu na bohari ambako kelele hazifiki sana.

"Umefuzu," akamwambia. "Mkuu wa kiwanda amekubali. Meza yafungwa mwisho wa mwezi. Mashine yataka mtu wa kuiendesha na wawili wa kumsaidia, mmoja wa kuilisha na mmoja wa kukagua. Hao wawili tutawatoa katika wale wanawake wa mezani, waandikwe kazi ya kudumu. Nimeombwa nipeleke majina. Lakini mimi n'nakaribia kustaafu. Wewe ndiye utakayekaa nao. Umefanya kazi nao, wawajua. Nitajie majina mawili, nikayapeleke."

Kafedha aligeuka akatazama upande wa meza.

"Na waliobaki?"

"Waliobaki…" Hamdun akafuta paji la uso kwa leso. "Waliobaki ni vibarua, mwanangu. Kibarua haachishwi kazi. Haitwi tu."

"Naomba nifikirie, mzee."

"Fikiri. Kesho asubuhi waniambia."

*

Hakula jioni ile. Nyamvula alimtazama mara moja, mara ya pili, akaweka sahani chini.

"Una nini?"

Kafedha akamweleza yote, bila kuruka neno. Jirani mmoja alikuwa akimwogesha mtoto upande wa pili wa ua, na mtoto akipiga kelele za furaha.

"Kwa hivyo jina langu liko mkononi mwako," Nyamvula akasema.

"Niambie nifanye nini, mama."

"Ukinitaja, siku moja watajua. Mambo kama hayo hayakai. Watasema ulimpa mama yako, ukawaacha akina Josephine. Hutakuwa na uso pale. Na hao wenye chuo, watasema wanagenzi wao wameanza kupeana kazi kinyumbani."

"Nisipokutaja?"

Nyamvula akachukua kijiti, akawa anachorachora mchangani.

"Nimesimama pale miaka mingi," akasema polepole. "Sijawahi kuandikwa. Kila siku naondoka hapa sijui kama nitaitwa. Unajua nini natamani? Natamani asubuhi moja niingie kwenye lile geti bila kumtazama askari usoni."

Kafedha akaanza kulia.

"Usilie. Sijakwambia unitaje. Sijakwambia usinitaje. Mimi si mtu wa kukuamulia, maana nitaamua kwa tumbo langu. Amua wewe."

Akainuka, akaenda kuosha vyombo.

Kafedha alilala akiwaza. Alijiambia kwamba kumtaja mama hakukuwa uongo, kwa kuwa mama ni mfanyakazi hodari, na hilo meza nzima inalijua. Kisha akajiambia kwamba kama ni kweli, kwa nini asiiseme kweli yote? Akajaribu kumtaja Josephine na Mbeyu, mwanamke mkimya wa mezani aliyesimama upande ule sabuni zinakokatwa, akaona uso wa mama mbele ya geti. Kila upande aliogeukia palikuwa na mtu aliyemtazama.

Asubuhi alimkuta Hamdun akinywa kahawa ya tangawizi kwenye kikombe kidogo.

"Mzee, siwezi kutaja majina," akasema. "Nyamvula, yule wa dirishani, ni mama yangu mzazi. Nikimtaja nitakuwa nampendelea. Nikiwataja wengine nitakuwa nimemfukuza kwa mdomo wangu."

Hamdun aliweka kikombe chini. Alimtazama muda mrefu, na uso wake haukuonyesha kama amekasirika au amesikitika.

"Majuma yote haya mwasalimiana kama wapita njia?"

"Ndiyo, mzee."

"La ilaha illa llah. Mimi mwenyewe n'liingizwa hapa na mjomba wangu. Zama zile hakuna aliyeuliza. Wallahi, ungenitajia jina lake wala usiseme neno, ningalilipeleka, na roho yangu isingalisumbuka. Sasa umeniambia. Siwezi tena kufanya kama sijui."

"Najua, mzee. Nisamehe."

"Huna la kusamehewa. Basi nitakwenda na utaratibu ambao hakuna wa kuuteta. Waliotangulia kuingia ndio watakaobaki."

Waliotangulia walikuwa Josephine na Mbeyu. Nyamvula alikuwa amekuja baada yao, mwaka ule ule.

*

Siku ya mwisho ya meza hapakuwa na hotuba. Sabuni zilikuja mpaka saa ya kutoka, kisha mkanda ukazimwa, na wanawake wakavua aproni zao, wakazikunja. Upande wa pili wa ukumbi mashine mpya ilikuwa ikijaribiwa kwa mara ya mwisho, Kafedha akiwa ameinama juu ya mkanda wake na Josephine akisimama kando, mikono nyuma, akijifunza kuilisha.

Nyamvula alipita na mkoba wake wa kitambaa. Alikuwa ameshawapita alipogeuka. Mtandio aliojifunga Kafedha kichwani ulikuwa umelegea, ncha yake ikining'inia karibu na roda. Nyamvula akarudi, akabonyeza kitufe chekundu kwa kiganja, mashine ikanyamaza. Akamgeuza binti yake kwa mabega, akaufungua mtandio wote, akamlainisha nywele za pembeni kwa vidole, akaufunga upya, fundo nyuma ya shingo, akaliingiza ndani.

"Mashine haina huruma," akasema. "Jifunge hivi kila siku."

Kisha akaondoka.

Hakuna asiyejua mikono ya namna ile. Josephine alimtazama Nyamvula mpaka akatoka mlangoni, akamtazama Kafedha, akarudi kutazama mlango.

"Ni mamako yule," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiye."

"Na majina uliulizwa wewe. Ronny alikuwa bohari, akasikia, akatwambia."

"Niliulizwa. Nikamwambia mzee Hamdun kwamba ni mama yangu, akanitoa katika jambo lile."

Josephine alichukua sabuni moja, akaiweka kwenye mkanda uliosimama, akainyoosha kwa kidole ikae sawa.

"Basi iwashe," akasema. Sauti yake haikufika popote.

*

Nyumbani Nyamvula hakugomba. Kugomba kungekuwa nafuu. Aliamka saa ile ile ya alfajiri, akakaa kitandani, hana pa kwenda. Baadaye akaanza kukaanga viazi karai na kuviuza barabarani Magongo pamoja na shoga yake, lakini hakuwa na moyo wa biashara. Aliwauzia watu kwa mkopo, akaona haya kuwadai. Na Kafedha akimuuliza lolote alijibu kwa ukamilifu na kwa adabu, kama alivyomjibu mezani.

Hilo ndilo lililomuumiza Kafedha. Walikuwa wameutoa ule ugeni kiwandani wakauleta nyumbani.

Kila mwezi wanagenzi waliofuzu walirudi chuoni kwa siku moja ili kusimulia wanachokutana nacho kazini, kwani hivyo ndivyo walivyopatana chuo na kiwanda. Zamu ya Kafedha ilipofika, alisimama mbele ya wenzake akaeleza habari za kibati cha moto na kasi ya mkanda, kwa sauti kavu. Walipotawanyika Salme akamzuia.

"Umeniambia mwisho wa habari," akasema. "Nini kilitokea kabla?"

Kafedha akamwambia. Salme alisikiliza akiwa amekaa juu ya kibao cha karakana. Aliposikia habari ya majina alifumba macho kidogo.

"Sisi tuliketi na kiwanda ofisini," akasema, "tukahesabu vijana. Tukaona tumefanya jambo kubwa, na kweli ni kubwa; wewe una kazi. Lakini wale waliokuwa pale tayari hakuna aliyeuliza watakwenda wapi. Sikuuliza mimi, na mimi ndiye mwalimu."

Ijumaa baada ya sala alifika Chaani na mfuko wa tende. Nyamvula alimtandikia mkeka, akamletea maji, akakaa mbali kidogo. Salme alieleza: chuo kilikuwa kinaanza mpango wa kuwapima watu waliojifunzia kazini, ili wapate cheti cha ujuzi walio nao, hata kama hawakumaliza shule. Viwanda kadhaa vya Changamwe vilikuwa vimekubali kuvitambua vyeti hivyo.

"Mwalimu," Nyamvula akasema, "mimi nilikuwa nikifunga sabuni. Mtanipa cheti cha kufunga sabuni, na sabuni inafungwa na mtoto wangu kwa kubonyeza kitufe?"

Kafedha, aliyekuwa jikoni, akashikilia mlango.

"La," Salme akajibu. "Cheti hicho hakitakufaa, na sitakudanganya. Lakini wewe wajua mstari wa kazi ulivyo. Wajua kufika kwa wakati, kusimama kutwa, kuona kilichoharibika kabla hakijaingia katonini. Vijana hayo huwachukua mwaka kuyajua. Kwa hayo utapimwa, usianze sifuri. Lililobaki utajifunza upya kama mtu yeyote."

"Na kazi je? Mwaahidi kazi?"

"Siahidi. Nikikuahidi nitakuwa mwongo. Naahidi mahali pa kukaa darasani, na kwamba nitakwenda mwenyewe kukuzungumzia."

Nyamvula alikula tende moja, akalisugua kokwa lake katikati ya vidole.

"Sabuni sitaki tena," akasema mwishowe. "Pua yangu imechoka. Mna nini kingine?"

Salme akacheka, kicheko cha mtu aliyetarajia kukataliwa. "Cherehani za kiwandani. Kuna kiwanda cha nguo upande wa Miritini, tumepatana nacho juzi juzi."

"Niliwahi kushona leso za watu kwa mkono, zamani, kabla sijamzaa huyu." Akaelekeza kidevu jikoni. "Nitafikiri."

Alifikiri muda mrefu. Shoga yake alimcheka, kwamba mtu wa umri wake anakwenda kukaa dawatini na watoto. Asubuhi moja Kafedha akiwa anafunga viatu, akamwona mama yake amevaa gauni lake la kanisani.

"Tunakwenda njia moja mpaka barabarani," Nyamvula akasema. "Nisubiri."

*

Haikuwa rahisi. Cherehani za kiwandani zina kasi kuliko mkono ulivyozoea, na kwa majuma ya mwanzo Nyamvula alirudi na vitambaa vilivyoshonwa kama njia ya mlevi. Mara moja sindano ilimchoma ukucha. Katika upimaji alipita katika ukaguzi na usalama kazini, akafeli kusoma michoro ya vipimo, na siku hiyo alisema hatarudi. Akarudi. Mwanafunzi mwenzake, msichana mdogo kuliko Kafedha, alimfunza michoro. Nyamvula naye akamfunza msichana huyo kusimama bila kuumwa mgongo.

Kiwanda cha nguo kilichukua nusu ya darasa kwa majaribio, naye akiwemo. Salme alikwenda kumzungumzia kama alivyosema. Kama watamwandika kazi ya kudumu, hilo bado halijulikani.

Na Kafedha yuko pale pale kwa mashine, Josephine akiilisha. Ilipita miezi kabla hawajazungumza jambo lisilohusu kazi. Siku moja Josephine akamletea bakuli la mbaazi za nazi, akaliweka juu ya katoni. "Mpelekee mamako," akasema, "mwambie bakuli nalitaka." Tangu siku hiyo bakuli limekuwa likienda na kurudi, kila mara na kitu ndani.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama na binti walikaa uani wakimenya muhogo. Hewa ilikuwa nzito, malori yakivuma mbali kuelekea bandarini. Nyamvula akaanza yeye, kisu kikiendelea kwenda.

"Ungenitaja siku ile," akasema, "ningefurahi. Sitakuficha. Ningekuwa pale mpaka leo, nimeandikwa, nami nisingekuuliza kama ulifanya haki."

"Najua, mama."

"Nilikukasirikia. Siku nyingine naamka bado nimekukasirikia. Nikiwa kwenye ile cherehani inayokimbia kama imefukuzwa, nasema, mtoto wangu ndiye aliyenileta hapa."

Kafedha akaendelea kumenya. Alijua kwamba si swali.

"Na papo hapo," Nyamvula akaendelea, "nikikumbuka ulisimama mbele ya yule mzee ukanitaja kwamba mimi ni mama yako, wakati mimi mwenyewe nilikukataza, nasikia kitu kingine. Sijui nikiite nini. Yote mawili yamo humu ndani." Akajigusa kifuani kwa mpini wa kisu. "Nimengoja yapatane. Naona hayatapatana. Basi nitakaa nayo."

"Hata mimi ninayo," Kafedha akasema. "Nikisikia mashine inakwenda vizuri nafurahi, halafu natazama mahali palipokuwa na meza."

"Wameweka nini pale?"

"Katoni tupu."

Nyamvula akatikisa kichwa. Alimaliza muhogo uliokuwa mkononi, akautumbukiza kwenye maji, akachukua mwingine, akaugeuza akitafuta mahali pa kuanzia kumenya.

"Huu una mizizi," akasema. "Nipe kisu chako, changu kimekuwa butu."

Kafedha akampa kisu chake, akaenda kutia kile kingine makali kwenye jiwe la mlangoni.